Nyangumi Aliyepima Nyanda za Juu

Ndugu msomaji, ukisafiri kwa barabara kutoka Mombasa kwenda Nairobi, ukishapita Voi usisinzie. Tazama mkono wa kulia, ng'ambo ya mbuga ya Tsavo. Utaona kilima kirefu mfano wa ukuta, kileleni bapa kama meza. Huo ndio Uwanda wa Yatta, nao una urefu wa kilomita zipatazo 300.

Huo ni mto wa mawe. Miaka milioni 13.5 iliyopita lava ya volkano ilitiririka kutoka nyanda za juu karibu na Bonde la Ufa, ikafuata bonde la mto wa kale kuelekea baharini, kisha ikapoa na kuganda. Mvua za miaka mingi zikachukua ardhi laini ya kando zake, lava ngumu ikabaki. Palipokuwa bonde leo ni kilima.

Pengine utauliza: mlima hauna cheti cha kuzaliwa, basi kimo chake cha zamani hujulikanaje? Lava haiwezi kwenda mbali kiasi hicho pasipo mteremko. Wataalamu walipoukadiria mteremko huo, waliona kwamba nyanda ilikotoka lava zilikuwa zimekwisha fikia angalau mita 1,400 juu ya usawa wa bahari.

Je, kabla ya hapo nchi ilikuwaje? Ili kulijibu swali hilo hatuna budi kwenda mbali kaskazini, hadi Loperot katika nchi kame ya Turkana. Huko, mwaka 1964, Mmarekani James Mead aligundua mabaki ya nyangumi aliyeishi miaka milioni 17 iliyopita, mwenye urefu upatao mita 7. Mahali hapo ni kilomita 740 kutoka pwani, na kimo chake leo ni mita 620.

Nyangumi hapandi mlima. Huyu aliingia mtoni kutoka Bahari ya Hindi, akapotea njia, akafia bara. Mto ule basi ulikuwa mkubwa na mtulivu, na nchi ilikuwa tambarare. Wataalamu wanakadiria kwamba alipofia palikuwa na kimo cha mita 24 hadi 37 tu.

Shahidi huyu nusura apotee. Baada ya Mead kuandika habari zake mwaka 1975, mabaki yale hayakujulikana yalipo. Louis Jacobs aliyatafuta kwa miaka mingi, hata yakapatikana mwaka 2011 katika ghala za Chuo Kikuu cha Harvard. Bila hayo tungekuwa na habari za Yatta, lakini tusingejua nchi ilianzia kimo gani.

Sasa twaweza kusema: baada ya nyangumi yule kufa, nchi ilianza kuinuka, ikisukumwa na miamba ya moto kutoka chini. Kuinuka huko kulizuia unyevu wa bahari, misitu ikapungua, nyasi zikaenea. Wataalamu wengi huyahusisha mabadiliko hayo na wahenga wetu wa kale kabisa kuanza kutembea kwa miguu miwili.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, siku jembe lako litakapogonga jiwe lenye umbo la mfupa, usilitupe wala usilivunje. Wapashe habari watu wa makumbusho. Huenda umekutana na shahidi mwingine.