Jina Langu Halikuwamo

Ndugu msomaji, naomba leo nikusimulie aibu iliyonipata nyumbani kwetu Malambo mwezi wa Oktoba, mwaka 2024, mbele ya mama yangu mzazi, ambaye hajui kusoma wala kuandika.

Malambo ni kata ya tarafa ya Sale, katika Wilaya ya Ngorongoro. Masikioni mwa Mswahili jina hilo ladokeza maji tele, maana lambo ni bwawa la kuchimbwa. Lakini afikaye huko wakati wa kiangazi hulakiwa na vumbi, migunga, na ng'ombe wanaokwenda mwendo mrefu kutafuta tone la kunywa. Huko ndiko nilikozaliwa. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 25 nimekuwa mtu wa Arusha mjini, fundi wa mitambo kiwandani, mwenye mke, watoto watatu, na nyumba ya vyumba vinne ambayo mbele yake unapita mfereji wa maji machafu. Mfereji huo nitaurudia.

Nilikwenda Malambo kwa kuwa nililetewa habari kwamba Yeyo, ndivyo sisi Wamaasai tunavyomwita mama, alikuwa anasumbuliwa na kifua. Nilifika bomani saa tisa alasiri nikiwa na dawa mfukoni na mfuko wa sukari mkononi. Nilitazamia kumkuta amelala. Sikumkuta. Nilimkuta mtoto wa mdogo wangu akichunga ndama, akaniambia bibi amekwenda na wanawake wenzake. Jua lilipoanza kulegea nikamwona anakuja taratibu, anatembelea fimbo, shanga zake zote za shughuli zimo shingoni. Niliinamisha kichwa, akanigusa utosi, kisha akakaa kitako kupumua.

"Yeyo, unaumwa. Ulikwenda kufanya nini kwa miguu na jua hili?"

"Nilikwenda kuandikwa," akajibu.

Ndipo nilipokumbuka. Tangu tarehe 11 hadi tarehe 20 ya mwezi huo wa Oktoba, kote Tanzania Bara, wakazi wenye umri wa miaka 18 na zaidi walikuwa wanajiandikisha kwa ajili ya uchaguzi wa Serikali za Mitaa, uliokuwa ufanyike tarehe 27 Novemba. Yeyo alikuwa ametia dole gumba mahali pa sahihi, na jina lake limeingia katika orodha ya kitongoji chake.

"Na wewe," akaniuliza, "huko kwako umeandikwa?"

Kwa majivuno ya mtu wa mjini nilitoa pochi, nikachomoa kadi yangu ya mpiga kura. Nilikuwa nayo siku zote. Yeyo akaipokea, akaigeuza mbele na nyuma, kisha akamwita yule mjukuu wake, mwanafunzi wa darasa la sita, aisome. Mtoto akaisoma, akanitazama kwa huruma.

"Baba mkubwa, hii ni ya kumchagua Rais, Mbunge na Diwani. Kwa kitongoji watu wanaandikwa upya. Mwalimu alitueleza."

Kweli tupu. Uchaguzi wa vitongoji, vijiji na mitaa hauendeshwi kwa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, bali kwa orodha yake yenyewe ya wakazi, ambayo hubandikwa hapohapo ili kila mtu amtambue jirani yake. Jambo hilo alilijua mtoto wa darasa la sita wa Malambo. Mimi, msomaji wa magazeti na msikilizaji wa redio, sikulijua.

Yeyo hakucheka. Alinirudishia kadi yangu, akasema, "Basi huko kwako wewe ni mgeni."

Usiku ule sikupata usingizi kwa neno lile. Lakini ili ulielewe uzito wake, yanipasa nikueleze yaliyotokea kwa jirani zetu miezi miwili kabla.

Malambo imepakana na eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, na watu wa pande zote mbili ni ndugu: tunaoana, tunazikana, tunakopeshana mitamba. Tarehe 2 Agosti 2024 lilitolewa Tangazo la Serikali Na. 673, ambalo kwalo kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96 vya Tarafa ya Ngorongoro viliondolewa katika orodha ya maeneo ya utawala. Kata yetu haikuwamo. Lakini hebu fikiri, ndugu msomaji: shangazi yako amekaa katika kitongoji tangu alipoolewa, ana kuni zake mlangoni na ng'ombe wake zizini, kisha karatasi inasema kitongoji hicho hakipo. Mahali ambapo hakuna kitongoji hapana mwenyekiti wa kitongoji, hapana mkutano mkuu wa kijiji, wala hapana kura ya Novemba. Tangu tarehe 18 Agosti watu wale, maelfu, wanawake kwa wanaume, walitoka wakakaa barabarani ambamo hupita magari ya watalii. Tarehe 22 Agosti Mahakama Kuu, Arusha, ikasimamisha utekelezaji wa tangazo lile.

Kwa hiyo Oktoba ilipofika, wanawake wa Malambo hawakuhitaji kuhubiriwa na kipaza sauti. Walikuwa wameona kwa jamaa zao jina la mahali linavyoweza kufutika, na walikwenda kuyaweka yao mapema, wengine wakiwa na watoto mgongoni, na mmoja, kwa bahati mbaya mama yangu, akiwa na kifua.

Nisije nikakufanya uamini kwamba kwa Yeyo habari yote ni kura. Kura kwake ni jambo la siku moja. Kilichomfanya apende kuandikwa ni mkutano, na hilo nililishuhudia mwenyewe nilipokuwa likizo mwezi wa Desemba 2022.

Mwaka ule ulikuwa mbaya. Ukame ulikuwa umemaliza ng'ombe wengi. Tena, mwezi wa Juni, ardhi ya kilomita za mraba 1,500 katika tarafa za Loliondo na Sale ilikuwa imewekewa mipaka na kutengwa kwa ajili ya wanyamapori, na malisho tuliyoyazoea yakawa upande wa pili wa vigingi. Jambo lile lilikuwa kubwa kupita kikao cha kijiji. Lakini lilifanya kila kipande cha nyasi kilichosalia kiwe na thamani ya dhahabu, na hasa zile nyasi za karibu na maboma ambazo kwa desturi huachiwa ndama na mifugo dhaifu isiyoweza kwenda mbali. Basi jamaa fulani wakaomba wagawiwe sehemu ya nyasi hizo wazungushie uzio.

Hapa ndipo sheria inapoingia. Wazee wetu walikuwa na baraza lao tangu kale, wakakaa chini ya mti na kuzungumza mpaka wakubaliane; mwanamke hakuwa na nafasi ya kusimama pale. Miaka ya 1970 ikaja Operesheni Imparnati, Wamaasai wakapangwa katika vijiji, na kijiji kikaja na utaratibu wake. Leo utaratibu huo umo katika Sheria Na. 7 ya mwaka 1982: mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18, hukutana kila baada ya miezi mitatu, na halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe wasiopungua 15 wala kuzidi 25, hutokana nao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, ikaongeza jambo ambalo nadhani wengi wetu mijini hatulijui: halmashauri ya kijiji haina ruhusa ya kumgawia mtu ardhi mpaka mkutano mkuu umeridhia kwanza.

Umeridhia, yaani watu wamekaa, wamesikia, wamesema.

Siku hiyo tulikaa chini ya mgunga kuanzia saa nne asubuhi. Wanaume upande huu, wanawake upande ule, kama ilivyo desturi. Ombi likasomwa. Mzee mmoja akaunga mkono kwa maneno mazuri, na vijana wawili watatu wakaitikia. Mimi mwenyewe, ndugu msomaji, niliona hapana ubaya; watu wanataka maendeleo, nikasema moyoni. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno jingine. Kimya. Alikuwa karibu kufunga mjadala Yeyo aliposimama.

Hakutoa hotuba. Aliuliza maswali, moja baada ya jingine, kwa sauti ile ile ambayo hutumia kuuliza nani amekunywa maziwa ya mtoto. Uzio utaanzia wapi? Utaishia wapi? Ndama wa mjane ambaye boma lake liko hapo watapita wapi kwenda majini? Baada ya mwaka mmoja mwingine akiomba kipande cha pili, atanyimwa kwa sababu gani? Mzee mmoja akanung'unika kwamba siku hizi ng'ombe wanasemewa na wakamaji. Watu wakacheka. Yeyo naye akacheka, kisha akarudia swali la kwanza. Ikadhihirika kwamba waombaji wenyewe hawakuwa wamekubaliana uzio utaishia wapi. Mwenyekiti, kwa busara, akasema ombi lirudi likapimwe, na mkutano ujao watu wote waende wakaone mahali penyewe kwa macho. Wakaenda, wakaona, na nyasi za ndama zikabaki za ndama.

Angalia hesabu yake. Lau wanawake wale wangebaki nyumbani siku hiyo, ombi lingepita kabla ya chakula cha mchana, tena kwa njia ya halali kabisa.

Sasa turudi katika usiku wangu wa Oktoba 2024. Nilikuwa nikijilinganisha. Mfereji ulio mbele ya nyumba yangu ulifurika katika mvua za El Nino za mwishoni mwa mwaka 2023, maji yakaingia mpaka chumba cha watoto. Nililalamika sana. Nililalamika kiwandani, nikalalamika kwenye daladala, nikalalamika baa. Katika miaka yote niliyokaa mtaani pale nilikuwa nimehudhuria mkutano wa mtaa mara moja tu, tena kwa kuwa nilitaka barua ya utambulisho na karani alikuwa huko. Ukinishika koo nikutajie jina la mwenyekiti wetu, nisingeweza. Mgeni, kama alivyosema Yeyo.

Ilikuwa usiku wa Ijumaa. Asubuhi ya Jumamosi nikamwachia dawa, nikapanda gari la kwanza lililopita. Barabara ni ile ya vumbi na makorongo. Lami niliikuta Mto wa Mbu, jioni, na usiku wa manane nikabisha hodi nyumbani kwangu. Jumapili tarehe 20, siku ya mwisho, nikaamka mapema nikamwambia mke wangu na binti yetu wa kwanza, aliyekuwa ametimiza miaka 18 mwezi wa Agosti, wavae twende tukajiandikishe.

Wakatazamana.

"Baba Naishorua," mke wangu akasema, "sisi tuliandikwa Jumatatu. Tulidhani wewe ulipita huko ukitoka kazini."

Nikaenda peke yangu. Mwandishi alikuwa kijana mpole. Aliniuliza nimekaa mtaani pale muda gani, na nilipomtajia miaka akanitazama mara ya pili.

Tarehe 27 Novemba ilikuwa Jumatano, siku ya mapumziko. Tulikwenda watatu. Sitaki kukupamba mambo: mahali pengi nchini siku ile palikuwa na mgombea mmoja tu, na mtaani kwetu ndivyo ilivyokuwa. Karatasi ilikuwa na jina moja, na chini yake ndiyo au hapana. Binti yangu, ambaye alikuwa ameingoja siku ile kama sikukuu, alitoka nje amenuna. "Hii ni kuchagua nini?" akaniuliza, na sikuwa na jibu zuri, wala mpaka leo sijalipata. Mtoto hakukosea. Watu wakikosa wa kumlinganisha na mwingine, kura hupungua utamu, na asemaye vinginevyo anajidanganya.

Jioni nikampigia simu Yeyo kwa simu ya mdogo wangu. Nilimweleza habari ya jina moja. Akanyamaza kidogo, nikidhani simu imekatika.

"Na mkutano ni lini?" akauliza.

"Mkutano gani, Yeyo? Uchaguzi umekwisha."

"Mkutano wa huo mfereji wako."

Mkutano huo ulifanyika mwezi wa Februari 2025, Jumapili, saa nne asubuhi, uwanjani nyuma ya ofisi ya mtaa. Mke wangu, binti yangu na mimi tulikuwa wa kwanza kufika, tukakalia magogo. Mwenyekiti, ambaye sasa namjua kwa jina na kwa jina la mtoto wake, alichelewa nusu saa. Nilipopewa nafasi nilianza kulalamika kama nilivyozoea, nikajishtukia, nikajaribu njia ya Yeyo: mfereji unaanzia wapi? Unaishia wapi? Nani amejenga juu yake? Hakuna aliyekuwa na jibu kamili. Ikaamuliwa watu watano tuupite wote kwa miguu, tuandike, tulete habari katika mkutano ufuatao, ili maombi yapelekwe halmashauri yakiwa na maelezo badala ya kelele. Nami nikawekwa kuwa mwandishi wa hao watano, kwa kosa la kuwa na kalamu.

Tumekwisha kuupita. Una maziba mawili, na moja limo ndani ya ukuta wa mtu mzito kidogo. Kikao cha pili kilikuwa kirefu na kikali kwa sababu hiyo, na jambo lenyewe halijakwisha. Yeyo ananiuliza habari zake kila nipigapo simu. Swali lake la kwanza ni lile lile, mlikuwa wangapi. Mara ya kwanza nilimwambia 19. Mara ya pili tulikuwa 34, kwa kuwa binti yangu alikwenda nyumba kwa nyumba siku mbili kabla, akiwa na dada mwingine wa kwa jirani. Yeyo akasema bado ni wachache kwa mtaa mzima, akaniuliza wanawake walikuwa wangapi kati yao. Sikuwa nimewahesabu. Safari ijayo nitawahesabu.