Pweza wa Kuchoma Katika Baridi ya New York

Katika migahawa ya Kigiriki ya hadhi ya juu hapa New York, samaki huchaguliwa kwa macho. Unainuka, unamfuata mhudumu hadi kwenye meza iliyojaa barafu, na hapo wamelala samaki wazima: tsipoura, lavraki, barbuni wekundu. Unamnyooshea kidole unayemtaka, anapimwa kwa ratili, anapelekwa kwenye makaa. Milos, mgahawa ambao Costas Spiliadis aliuanzisha Montreal mwaka 1979 na kuuleta Manhattan mwaka 1997, unajulikana sana kwa mtindo huo. Mtu aliyekulia Tanga haoni ajabu hapo. Soko la Deep Sea nalo ndivyo lilivyo: unamtazama samaki macho na mashavu kwanza, bei baadaye. Kigeni kwangu kilikuwa kilichofuata. Wenyeji wangu walikwisha kuchagua meza ya nje, na huo ulikuwa mwezi wa Januari.

Tuliketi kando ya njia ya waenda kwa miguu, chini ya turubai. Juu yetu hita ya umeme iling'aa nyekundu, na kila kiti kilikuwa na blanketi lake. Hita hupasha kichwa na mabega, miguu inaachiwa baridi yake, kwa hiyo wanaojua huja na soksi nene za sufu. Makoti hayavuliwi. Chakula nacho hakicheleweshwi: sahani huletwa zikiwa zimepashwa moto, maana mafuta ya zeituni huanza kuganda yakikaa kwenye baridi kali. Tulianza na avgolemono, supu ya kuku yenye yai na limau, na kwa usiku kama ule sijui chakula kinachoishinda ganzi ya mwili upesi kuliko hicho. Samaki alipofika amemwagiwa mafuta na limau, mhudumu alimtoa miiba mbele yetu kwa vijiko viwili. Nyumbani ningemla kwa mkono, birika na beseni vimekwisha kupita. Lakini katika baridi ile nani atamwagiwa maji mikononi?

Halafu akaja pweza.

Pwani yetu inamjua pweza kuliko watu wengi. Kule Jambiani na Paje wanawake hutoka wakati wa bamvua, maji yakishakupwa, kumchokoa kwenye miamba. Kisha pweza hupigwa na kupigwa tena mpaka alainike, aende kwenye tui la nazi au kwenye supu. Wagiriki wa visiwani nao humpiga juu ya mwamba, wakamwanika kwenye kamba juani kabla ya kumchoma. Bahari mbili zilizo mbali, na mikono ikafikia ufundi uleule kwa sababu nyama yenyewe inaudai. Pale mezani alikuwa ameungua kidogo nchani mwa mikono, ndani laini, juu yake siki na oregano. Nilikumbuka ukwaju na pilipili. Wa kwetu hapungui lolote mbele ya huyu, na ninasema hivyo nikiwa nimekula wote wawili kwa njaa.

Nilitaka kujua kwa nini watu wenye uwezo wa kukaa ndani, penye joto, wakae nje na kulipa vilevile. Sehemu ya jibu ni uviko. Juni 2020 jiji liliwaruhusu wenye migahawa kuweka meza kando ya barabara na hata kwenye nafasi za kuegeshea magari. Desemba 14 ya mwaka huo kula ndani kukapigwa marufuku hadi Februari 12, 2021. Miezi hiyo ya baridi, aliyetaka kuketi mgahawani aliketi nje, na wengi wakapazoea. Mwaka 2023 ikatungwa sheria ya kudumu: meza za barabarani kuanzia Aprili hadi karibu mwisho wa Novemba, na zile za njia ya waenda kwa miguu mwaka mzima, kwa kibali na ada. Lakini Mgiriki hakungoja uviko. Kwao taverna ya pwani hupanga meza hadi karibu na maji, na huko Astoria, mtaa wa Queens walikohamia kwa wingi baada ya 1965, kunywa kahawa nje ni desturi ya zamani.

Sisi tunakwenda upande mwingine. Tumepewa hewa ya kukaa nje karibu mwaka mzima, bila hita, na bado mgeni wa heshima tunampeleka kwenye chumba chenye kiyoyozi na madirisha yaliyofungwa. Harusi, mkutano, chakula cha bosi: ndani. Nje tumewaachia wasio na pesa. Hata baridi yetu ina dawa rahisi. Nairobi ikifika Julai, mikahawa mingi huwaletea wageni jiko la mkaa kando ya meza, na mazungumzo yanaendelea. Jiko lile linapasha miguu, jambo ambalo hita ya Manhattan haiwezi.

Linaloniuma zaidi ni ardhi. Kipande kilekile cha kando ya barabara ambacho New York iliwapa wenye migahawa kwa sheria ndipo Dar es Salaam ilipowaondoa machinga na mama lishe mwezi Oktoba 2021. Sisemi New York ni ya haki kwa wote. Wachuuzi wa vikokoteni hapa wamebanwa na kikomo cha vibali tangu miaka ya 1980, na wengi wao ni wahamiaji kama mimi. Mwenye mgahawa wa kifahari alifunguliwa mlango ambao muuza chakula wa mtaani bado anaugonga. Yaani pande zote mbili za bahari, anayechoma kwa jasho lake ndiye wa mwisho kupewa mahali.

Tunajua inavyowezekana. Bustani ya Forodhani, Unguja, ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009 kupitia shirika la Aga Khan, na wachomaji hawakufukuzwa. Jioni wanapanga pweza, ngisi na mishikaki, juisi ya miwa inakamuliwa pembeni, na mtalii anakula kando ya familia ya Mji Mkongwe.

Raskazone ya Tanga ina upepo uleule. Pweza yupo, wachomaji wapo, wateja wapo kila jioni. Halmashauri itenge eneo, ivute maji na taa, ijenge paa la kuzuia mvua ya masika, na iwape wachomaji vibali vya mwaka mzima ambavyo mgambo hawezi kuvifuta asubuhi moja.