Nguzo Nne Kando ya Ziwa Babati

Jamani, kukimbia taratibu hapa Babati ni raha tupu. Alfajiri unauacha mji, Mlima Kwaraa mgongoni, unashuka kuelekea ziwani, kaubaridi puani, viboko wanakoroma majini. Kilomita kumi zinaisha hujui zimeishaje.

Kasheshe ni Jumanne, siku ya spidi. Nguzo nne za umeme unachanja mbuga kama mwizi wa kuku, moja unatembea, unarudia mara nane. Mapafu yanawaka moto, miguu inakuwa mbao. Miezi mitatu nilikwepa, eti mimi ni wa mbio ndefu, spidi ya nini?

Nikakoma kwenye mbio za kilomita 21. Mita mia za mwisho, dogo mmoja na raba zake za mtumba akanipita kama nimesimama nangoja basi la Katesh. Bahasha ya mshindi wa tatu ikaenda naye, na mimi kodi ya chumba nilishaihesabia humo!

Halafu ikaja Septemba 2025, Tokyo. Alphonce Simbu, jirani yetu wa Singida, na Mjerumani Amanal Petros wakamaliza kilomita 42 na ushee kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, wote wawili. Ikabidi picha iamue: Simbu, kwa sekunde 0.03. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye ubingwa wa dunia.

Jumanne iliyofuata nikawa kwenye nguzo ya kwanza. Mama muuza samaki akashangaa: "Mwanangu, nani anakufukuza?"

Hata shikamoo ilinishinda. Na raundi ya sita, mpaka leo, naimalizia kwa kutembea.