Tulivyotembea na Wazee Jumamosi

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tulifanya safari, lakini msitafute basi wala kibali. Tulitembea kwa miguu humuhumu Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 wilayani Kasulu, wakati vita vilipowavusha wazazi wetu Ziwa Tanganyika. Wengi wetu tumezaliwa hapa. Tulidhani hakuna njia tusiyoijua. Kumbe!

Tulifuatana na wazee sita wanaotembelea wagonjwa kila Jumamosi. Anayewaongoza alikuwa mvuvi kule Baraka, Kivu ya Kusini. Sisi tunaijua kambi kwa zoni na vijiji, yeye anaijua kwa milango. "Hapa kuna mama asiyeona. Pale papa amelala mwezi wa tatu huu. Nyumba ile hakuna wa kuwasha moto."

Kwa yule mama mmoja alienda foleni ya bomba na ndoo, mwingine akachambua maharage, mwingine akafagia. Wazee hao wengine ni wa kanisani, wengine wa msikitini. Kwa hiyo kabla ya kuomba wanamuuliza kwanza mgonjwa, "Tukuombee namna gani?"

Njiani tukamuuliza mzee, "Babu, hii kazi uliianza lini?"

Akasema alipofika kambini alikaa mlangoni miaka mingi, akingoja siku ya kurudi. Kule ziwani alizoea kuvua ndagala usiku kwa taa ya karabai, na usiku usio na mwezi ndio uliomlisha. Huku hakuna ziwa, hakuna mtumbwi. Alisali, lakini sala yake ilikuwa swali moja tu: watoto wake wawili walibaki majini siku ya kuvuka, basi yeye ameachwa wa nini? Alikuwa amepita miaka 60 jirani yake alipovunjika mguu. Akamchotea maji siku moja, kesho yake akarudi tena. Mguu ulipopona, akasikia kuna mgonjwa mwingine.

"Wajukuu zangu, lile swali bado ninalo," alituambia. "Lakini sasa nikiamka najua Mungu ananituma mlango gani."

Hatusemi kwamba maisha haya ni rahisi. Wazee hao hawalipwi, na posho yao ni ileile ya sisi wote. Ila sisi vijana tunangoja sana: kuitwa nchi ya tatu, kurudi nyumbani, kupata masomo ya juu. Tunafikiri maisha yataanza hapo. Mzee naye anangoja bado, jina lake likisomwa ataenda. Lakini Jumamosi hakai mlangoni.

Ndugu zetu, magoti yao yamechoka na ndoo ni nzito. Kijana mwenye nafasi awaulize viongozi wa kijiji chake wapi kuna mzee au mgonjwa aliye peke yake. Sisi tumekwisha kuanza.

Ni sisi walimu wenu. Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.