Java, PHP na Python wiki moja

Nipo Kaole kwa bibi, siku chache kabla ya UE. Jumatatu Java, Jumanne PHP, Alhamisi Python. Na kodi tunaiandika kwa kalamu, hakuna kompyuta ya kukupigia mstari mwekundu. Ukipeleka mambo ya Python kwenye karatasi ya Java alama zimeenda, sup inakungoja.

Wengi wanahofia mabano na nukta mkato. Mimi hizo wala hazinitishi, zinaonekana kwa macho. Python haitaki {} kufungia mistari, inaangalia nafasi uliyoacha mwanzoni. PHP kila kibadilika kina $ mbele. Jicho linazoea. Balaa ni vile vinavyofanana sura halafu tabia mbalimbali. Chukua hii: "5" + 3. Java inakupa 53, maana ikikuta maandishi inaunganisha. PHP inakupa 8, kwake + ni hesabu tu, kuunganisha kuna nukta yake. Python inagoma kabisa! Au 7 / 2. Java inasema 3, PHP na Python 3 zinasema 3.5. Python 2, iliyostaafishwa mwaka 2020, nayo ilikuwa inasema 3, kwa hiyo ukinunua notisi za kale pale steshenari jiangalie.

Hapa nyumbani kuna binamu yangu wa darasa la tatu. Shule Kiswahili, jioni madrasa, na bibi akichukia anamsema kwa Kikwere. Juzi nilimsikiliza: kwetu anasema vitabu, kwa ustadhi anasema kutub. Neno ni lilelile, kitab ya Kiarabu, ila sisi tuliona ki- mbele tukalipa wingi wa kwetu, kama tulivyofanya kipilefti na vipilefti (hahaa). Dogo hachanganyi, na hakuna aliyemkalisha chini kumfundisha kanuni. Kila lugha ina watu wake na mahali pake.

Nami nikaiga. Java barazani, PHP mezani, Python chini ya mwembe. Mnaweza kucheka.

Ila roommate wangu anasema hiyo haitoshi, maliza moja kwanza ndipo ushike nyingine, kumbukumbu zitaingiliana. Kwenye saikolojia ya elimu tulisoma hilo, la jipya kufukuza la zamani. Lakini kuna jaribio la Doug Rohrer na Kelli Taylor, Marekani, 2007. Wanafunzi walifanya hesabu za ujazo wa maumbo, kundi moja aina kwa aina, jingine zimechanganywa. Wakati wa mazoezi waliochanganya walipata asilimia 60, wenzao 89. Wiki moja baadaye, kwenye mtihani: waliochanganya 63, wenzao 20!

Hesabu siyo kodi, najua. Na mtoto wa Form One ambaye bado hajaelewa kitanzi ni nini, nikienda TP sitampa lugha tatu, hapo roommate yuko sahihi. Sisi lakini kitanzi tunakijua tangu mwaka wa kwanza. Kilichobaki ni kutofautisha, na huwezi kutofautisha ukiwa na kitu kimoja mkononi.

Kwa hiyo nimekata manila vipande 40. Kila kipande kina mstari mmoja wa kodi na jina la lugha juu. Nachanganya, navuta kimoja, naandika jibu kwa kalamu kabla ya kuijaribu kwenye laptop. Kile cha "5" + 3 kipo mara tatu, kimoja kila lugha.

Bibi akaniona nachanga vile vikaratasi.

"Mjukuu wangu, umeanza kamari?"

"Hapana bibi, nasoma."

"Haya. Ukishinda, ukaninunulie samaki."

Leo nimemaliza 31 kati ya 40. Vinavyonisumbua zaidi ni vya PHP, hasa ile "0" inayohesabiwa kuwa si kweli wakati Python inaiona kweli. Mwenye past papers za PHP anitumie kabla ya Jumapili jamani.