Oili inavuja? Usikimbilie kushusha gia boksi

Wadau, leo siasa tuiweke pembeni tuongee oili.

Baba mdogo ana Corolla 110 ya mwaka 1997, injini 5A-FE, anafanyia teksi hapa Dar. Gari lilichemsha, fundi akafungua silinda hedi, akabadilisha gasketi, kazi ikaendelea. Siku ya nne, chini ya gari kuna dimbwi la oili ukubwa wa sahani. Fundi akainama, akaona pamelowa pale injini inapokutana na gia boksi, akatoa hukumu: oili sili ya nyuma ya kranki imekufa, gia boksi ishuke. Kwa mtu wa teksi hizo ni siku bila hesabu, na bili ambayo karibu yote ni ufundi, maana sili yenyewe ni duara la mpira tu.

"Mwanangu, wewe umesoma, hebu njoo uangalie."

Nimesomea uandishi, si injini (wazee wetu wanaamini digrii ni moja tu!). Lakini swali letu la kwanza kazini ni "lini?", na hapa jibu lilikuwa wazi: baada ya matengenezo. Sili ya nyuma haikuguswa. Tapeti kava ilifunguliwa, distributa ilitolewa. Kwa nini tusianzie huko?

Halafu oili hushuka, na gari likikimbia upepo huisukuma nyuma. Palipolowa chini panaonyesha ilikoishia, si ilikotoka. Inatafutwa sehemu ya juu kabisa iliyolowa.

Tulianza na dipstiki, kwa sababu oili ikizidi kipimo nayo hutafuta pa kutokea. Ilikuwa sawa, tena imepungua. Rangi nayo ilikuwa ya kahawia. Ingekuwa nyekundu tungeshuku gia boksi au pawa stelingi. Tukavua kile kibomba cha kupumulia injini juu ya tapeti kava, kwa sababu kikiziba, presha ya ndani hulazimisha oili ipenye kwenye sili. Kilikuwa safi.

Injini ilipopoa tukafunika distributa kwa mfuko wa nailoni, tukasugua kwa sabuni na brashi, tukaacha ikauke kabisa. Kisha tukapaka poda ya watoto kuanzia tapeti kava kushuka chini. Chini ya gari tukatandika gazeti (la wapinzani wetu, bila shaka). Tukawasha, tukaiacha isailensi robo saa, tochi mkononi.

Tapeti kava ikabaki nyeupe. Lakini chini ya distributa ukatokea mstari mweusi, ukateremka taratibu hadi juu ya gia boksi. Kwenye injini hii distributa imechomekwa ubavuni mwa hedi, upande huohuo wa gia boksi, na inazungushwa na kamshafti. Kinachozuia oili hapo ni mpira mwembamba wa duara. Fundi alikuwa ameurudisha ule wa zamani, mgumu kama plastiki. Ulikatika tulipoukunja.

Fundi mwenyewe ndiye aliyebadilisha, mbele yetu, baada ya kuweka alama pale distributa ilipokaa, kwa sababu ukiizungusha unaharibu taimingi. Nusu saa, kwisha.

Sasa ni wiki ya pili na gazeti ni kavu. Fundi bado anasisitiza ile sili ya nyuma ibadilishwe siku gia boksi ikishushwa kwa shida nyingine, na hapo hatubishani naye.