Hesabu Kuanzia Mkiani

Binti mmoja wa kidato cha kwanza alisimama asome kitabu cha baiolojia. Alipofika kwenye photosynthesis akanyamaza, kisha akajikaza: "Fo-to-si-nthe-SI-si." Wenzake wakacheka. Niliwanyamazisha, maana hakukosea ovyo. Alitii kanuni za lugha aliyosomea shule ya msingi: silabi iishie kwa irabu, mkazo ukae kwenye silabi ya pili kutoka mwisho.

Nafundisha Kiingereza, lakini somo la mkazo nalianzia kwa Kiswahili. Naandika barabara ubaoni mara mbili. Ya magari ni ba-ra-BA-ra. Yenye maana ya sawasawa kabisa ni ba-RA-ba-ra. Hapo darasa zima linasikia kwamba mkazo ukihama, neno limebadilika.

Kisha kila mtu anaweka kiganja chini ya kidevu na kulisema neno polepole. Taya likishuka, hiyo ni silabi. Pho-to-syn-the-sis: mara tano. Makofi niliyaacha zamani, kwa kuwa makofi yote hulingana uzito, na watoto wakatamka silabi zote sawasawa.

Kuupata mkazo, tunahesabu kutoka mkiani. Neno likiishia -tion au -ic, karibu kila mara mkazo huangukia silabi inayotangulia mkia huo: edu-CA-tion, scien-TIF-ic. Likiishia -logy, -graphy au -ity, hesabu ya tatu kutoka mwisho: bi-OL-ogy, elec-TRIC-ity. Chukua PHO-tograph, pho-TOG-raphy, photo-GRAPH-ic; familia moja, na mkazo unatembea.

Linalowasumbua zaidi ni irabu zinazobaki bila mkazo. Kwetu a ni a popote ilipo. Kwenye photography, o ya kwanza inafifia hadi haisikiki tena kama o, na wanafunzi wanaona kuififisha ni uvivu wa ulimi. Nawaambia waziwazi: kufifisha huko ndiyo matamshi yenyewe. Comfortable ina irabu nne za kuonekana katika maandishi, lakini vinywani mwa Waingereza wengi ni silabi tatu tu, uzito wote ukiwa mwanzoni.

Yule binti alirudia, kiganja kidevuni: photo-SYN-thesis. Silabi ya tatu kutoka mwisho. Akaendelea kusoma, na alipoliona chlorophyll kwenye mstari uliofuata, mkono ulipanda wenyewe.